Barua Kwanza, Fedha Baadaye: Akaunti ya Mwanafunzi Mgeni Bagamoyo

Akaunti ya benki ya mwanafunzi mgeni Bagamoyo huanzia kwenye karatasi. Mjini hapo ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na kuwa wakala wa serikali mwaka 2007. Wageni huifuata kwa ajili ya ngoma, muziki na maigizo.

Kinachotangulia ni kibali cha ukaazi. Uhamiaji huwapa wanafunzi daraja C, maana A ni la wawekezaji na B la walioajiriwa. Mwenye viza ya matembezi tu kwa kawaida hurudishwa dirishani, hata akiwa na noti mkononi. Kibali kikipatikana huambatanishwa na pasipoti, picha ndogo na barua ya utambulisho ya chuo. Huenda ikatakiwa pia barua ya serikali ya mtaa alikopanga.

Huo si ukaidi wa karani. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu inaitaka benki imjue mteja wake kwanza, na Tanzania yenyewe ilikuwa chini ya uangalizi wa FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, kwa jambo hilo kuanzia Oktoba 2022 hadi Juni 2025.

Wala utaratibu wenyewe si mpya pwani hii. Mwandishi wa habari Stanley alipofika Unguja Januari 1871 kuandaa msafara wake wa bara hakukuta fedha alizozitarajia. Konsuli wa Marekani, Francis Webb, ndiye aliyemdhamini, ndipo merikani, ushanga na masango vikapatikana. Alipovuka kuja Bagamoyo, wapagazi alitafutiwa na Sewa Haji, kijana mfanyabiashara wa Kihindi. Mfuko mtupu ulisitiriwa na neno la mtu anayejulikana, kazi ambayo leo hufanywa na muhuri wa chuo.

Linabaki suala la sarafu. Akaunti ya dola hufaa kupokelea fedha za nyumbani, lakini kanuni za Machi 2025 zinakataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Kodi ya chumba, samaki wa mnadani na bodaboda vyote ni shilingi, na kila kubadili kuna makato yake. Kwa anayekaa muhula mmoja, akaunti ya shilingi inatosha.

Sokoni, hata hivyo, kadi ya benki haina kazi kubwa. Watu hulipana kwa simu. Laini ya mgeni husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, bila barua ya chuo.