Kanjo Naye Ana Nafsi

Ukiandika hadithi ya Makongeni au Ruiru, adui utampata haraka: landlodi, polisi, kanjo anayebeba mali ya mama mboga. Huo ni mgogoro wa nje, na hakuna anayebisha kwamba upo. Swali ni hili: katika hadithi yako, nani ameruhusiwa kuwa na mgogoro wa ndani?

Thika yenyewe iliwahi kunyimwa. Mwaka 1959 Elspeth Huxley alichapisha The Flame Trees of Thika, kumbukumbu za utoto wake kwenye shamba la kahawa la wazazi wake. Kitabu ni kitamu, tuseme ukweli. Masetla wanapendana kwa siri, wanajuta, wanasitasita. Wafanyakazi Waafrika je? Tunawaona kwa macho ya mtoto wa setla: wanafanya kazi, wanagombana, wanaondoka. Walichokuwa wakipima moyoni, mara nyingi hatuambiwi.

Sasa chukua A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru, hapa hapa Kiambu. Ilitoka 1967. Siku chache kabla ya Uhuru, Desemba 1963, kijiji cha Thabai kinamtaka Mugo ahutubie sherehe. Aliwekwa kizuizini, akapigwa, akanyamaza, wanamwita shujaa. Kumbe ni yeye aliyemsaliti Kihika, mpiganaji aliyenyongwa. Lawama ziko kwa Karanja, kwa hivyo Mugo hana wa kumtisha. Kinachomchoma ni sifa. Kila anayemsifu anamkumbusha alichofanya.

Mgogoro wa nje haujasahaulika. Bila Hali ya Hatari, Kihika asingekimbilia kwa Mugo usiku akiwa anasakwa, wala Mugo asingelazimika kuchagua. Lakini Ngũgĩ hakumfanya msaliti awe shetani tu. Alitufungulia moyo wake, tukaona woga na upweke tunaoujua sisi wenyewe. Mugo anapokiri mbele ya umati, inauma, kwa sababu kufikia hapo tumeshamjua kama mtu.

Basi rudi kwa kanjo wako. Labda mamake pia anauza mboga. Labda akiuacha mkokoteni upite, kesho hana kazi. Hatumtetei, mboga bado zimechukuliwa. Ila usipompa nafasi ya kusita, umemwandika vile Thika ilivyoandikwa 1959: kwa nje tu.