Chanda Kisichovikwa Pete: Uhakiki wa Hoja za Carl Wieman Kuhusu Ufundishaji wa Sayansi na Uhandisi Katika Vyuo Vikuu vya Utafiti

1.0 Utangulizi

Vyuo vikuu vya utafiti vya Amerika ya Kaskazini vina dhima mbili: kuzalisha maarifa mapya na kuwafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mwaka 1998 Tume ya Boyer ilitoa ripoti iliyobainisha kuwa dhima ya pili ilikuwa imeachwa nyuma. Wanafunzi walilipa karo katika vyuo vyenye sifa kubwa, lakini wengi wao walihitimu bila kuonja utafiti uliovipa vyuo hivyo sifa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Elaine Seymour na Nancy Hewitt walikuwa wamechapisha *Talking about Leaving*, kazi iliyotokana na mahojiano na wanafunzi wa vyuo saba vya Marekani. Watafiti hao walionesha kuwa wanafunzi walioacha kusoma sayansi na uhandisi hawakuwa na uwezo mdogo kuliko waliobaki, na kwamba makundi yote mawili yalilalamikia ufundishaji mbovu.

Miongo miwili baadaye, mwaka 2017, Carl Wieman alichapisha *Improving How Universities Teach Science*. Mwandishi huyu ni mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Eric Cornell na Wolfgang Ketterle, na kwa sababu hiyo sauti yake ilisikilizwa na wanasayansi ambao kwa kawaida hawawasikilizi wataalamu wa elimu. Makala haya yanahakiki hoja za kitabu hicho. Msimamo unaojengwa ni kwamba Wieman amefaulu kuthibitisha kuwa wahadhiri wa sayansi wanaweza kubadili ufundishaji wao. Hata hivyo, tiba aliyoitumia inaupita pembeni ugonjwa alioutaja yeye mwenyewe, yaani mfumo wa kutuza kazi ya mhadhiri.

2.0 Mradi na Misingi Yake

Kitabu kinasimulia mradi ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Colorado na Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada. Msingi wake wa kwanza ni kwamba kitovu cha mabadiliko ni idara. Mhadhiri mmoja mwenye ari akibadilika peke yake, kozi yake hurudi ilivyokuwa pindi anapopangiwa kozi nyingine. Chuo kizima nacho ni kikubwa mno, na uongozi wake uko mbali na darasa. Idara ndiyo inayoamua nini kifundishwe, nani afundishe na nani aajiriwe. Kwa hiyo fedha za mradi zilitolewa kwa idara, tena kwa ushindani.

Msingi wa pili ni kuajiri wataalamu wa elimu ya sayansi waliobobea katika taaluma ya idara husika. Katika idara ya kemia, kwa mfano, mtaalamu alikuwa mwanakemia aliyepewa mafunzo ya ziada kuhusu jinsi watu wanavyojifunza. Wataalamu hao waliketi na wahadhiri na kuitengeneza upya kozi moja baada ya nyingine wakiongozwa na maswali matatu: mwanafunzi anapaswa kuweza kufanya nini? Kwa sasa anajifunza nini hasa? Ni mbinu zipi zitakazoongeza ujifunzaji wake?

Ubora wa kitabu unaonekana zaidi katika sehemu hii. Wieman hasimulii ushindi mtupu. Anakiri kuwa matokeo yalitofautiana sana kati ya idara na idara, na kwamba baadhi ya maamuzi ya awali yalikuwa na makosa. Ukweli wa namna hiyo ni adimu katika maandishi ya waendeshaji miradi, nao unampa mhakiki nyenzo za kuupima mradi wenyewe.

3.0 Uzito wa Ushahidi

Madai kuwa mhadhara pekee haumfundishi vya kutosha mwanafunzi wa sayansi yana ushahidi mzito uliokusanywa kabla ya kitabu hiki. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake walichapisha jaribio la kupima uelewa wa dhana ya kani. Maswali yake hayahitaji hesabu, bali yanamtaka mwanafunzi aeleze, kwa mfano, ni kani zipi zinazoukabili mpira uliokwisha kurushwa hewani. Eric Mazur alipowapa wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Harvard jaribio hilo, aligundua kuwa wengi waliomudu mafumbo ya kihesabu walikwama kwenye maswali hayo mepesi kwa sura. Walikuwa wamekariri njia bila kuelewa kinachotendeka.

Mwaka 1998 Richard Hake alilinganisha matokeo ya wanafunzi 6,542 kutoka kozi 62 za fizikia. Katika kozi za mihadhara ya kawaida, wanafunzi walipata kwa wastani asilimia 23 tu ya kile ambacho hawakukijua mwanzoni. Katika kozi zilizotumia mbinu shirikishi, wastani ulikuwa asilimia 48. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichanganua tafiti 225 za sayansi, uhandisi na hisabati, wakakuta kuwa wastani wa wanafunzi waliofeli ulikuwa asilimia 33.8 chini ya mihadhara na asilimia 21.8 chini ya mbinu shirikishi.

Wieman mwenyewe alishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011, lililohusisha madarasa mawili makubwa ya fizikia ya wanafunzi wa uhandisi huko British Columbia. Kwa wiki moja, darasa la kwanza lilifundishwa kwa mhadhara na mwalimu mzoefu aliyesifiwa na wanafunzi. La pili lilifundishwa kwa mijadala na maswali na walimu wasio na uzoefu mkubwa. Wastani wa alama katika mtihani uliofuata ulikuwa asilimia 41 kwa darasa la kwanza na 74 kwa la pili. Inafaa kutaja kuwa wiki moja ni muda mfupi, na kwamba mwalimu wa darasa la pili alikuwa pia mmoja wa watafiti. Hata hivyo, jaribio hili likisomwa pamoja na tafiti zilizotangulia, mwelekeo wake ni vigumu kuutilia shaka.

4.0 Kasoro ya Hoja

Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Katika chuo kikuu cha utafiti, chanda kinachovikwa pete ni makala zilizochapishwa na ruzuku zilizopatikana. Wieman anaeleza wazi kuwa mfumo huu ndio kikwazo kikuu: saa ambayo mhadhiri anaitumia kuboresha kozi ni saa iliyopunguzwa kutoka kwenye kazi itakayompandisha cheo. Utambuzi huu ni sahihi. Tatizo ni kwamba mradi wake haukuugusa mfumo huo. Ulipunguza gharama ya mabadiliko kwa kumpa mhadhiri msaidizi aliyelipwa kwa fedha za muda. Msaidizi akiondoka na fedha zikaisha, mizani ya tuzo inabaki ilipokuwa.

Utetezi wa Wieman ni kwamba wahadhiri wanaozizoea mbinu mpya hawaziachi, kwa kuwa huona wanafunzi wao wakichangamka na wao wenyewe hufurahia kufundisha. Utetezi huu una nguvu, lakini unawahusu wahadhiri waliokwisha kubadilika. Haumhusu mhadhiri mpya anayeajiriwa baada ya mradi kufungwa, ambaye atapimwa kwa machapisho yake. Mwaka 2018 Marilyne Stains na wenzake walichapisha uchunguzi wa zaidi ya vipindi 2,000 katika vyuo 25 vya Amerika ya Kaskazini. Katika asilimia 55 ya vipindi hivyo, mhadhara ulichukua angalau asilimia 80 ya muda wa darasa. Ushahidi kuhusu mbinu bora ulikuwapo kwa miongo miwili. Kilichokosekana ni sababu ya kuutii.

Kasoro ya pili inahusu kipimo. Ufundishaji hauwezi kutuzwa bila kupimwa, na kipimo kilichozoeleka ni hojaji ya maoni ya wanafunzi. Wieman anakikataa kipimo hicho, na utafiti wa Louis Deslauriers na wenzake, uliofanyika Harvard na kuchapishwa mwaka 2019, umemwunga mkono: wanafunzi waliofundishwa kwa mbinu shirikishi walijifunza zaidi, lakini walihisi wamejifunza kidogo. Badala ya hojaji hiyo, Wieman na Sarah Gilbert walibuni mwaka 2014 orodha ya mbinu za ufundishaji inayojazwa na mhadhiri mwenyewe. Orodha hiyo inafaa kama kioo cha kujitazamia. Ikigeuzwa kuwa hati ya kupandishia vyeo, mhadhiri atapata sababu ya kuweka alama kwenye visanduku hata kama darasani hakuna kilichobadilika. Jaribio la Hestenes lilimpima mwanafunzi, ilhali orodha inalipima tamko la mwalimu.

Kasoro ya tatu inatokana na hizo mbili. Mwanafunzi anaonekana katika hoja hizi kama alama za mtihani. Wale waliohojiwa na Seymour na Hewitt walieleza jinsi walivyohisi kuwa kozi za mwanzo ziliwekwa ili kuwachuja. Idara inaweza kutumia maswali na mijadala darasani na bado ikatoa alama kwa ushindani unaowalazimu baadhi ya wanafunzi kushindwa. Wieman hakuupa mchujo huo uzito unaolingana na ule alioipa mbinu.

5.0 Hitimisho

Kitabu cha Wieman kimeondoa kisingizio kwamba wanasayansi hawawezi kufundisha vizuri, na kimeweka idara mahali panapostahili katika mjadala huu. Udhaifu wake ni kutegemea kuwa mazoea mapya yatadumu ndani ya mfumo unaoyaadhibu. Hatua inayofuata kimantiki kutokana na ushahidi wake ni idara kuomba, katika kila jalada la mhadhiri anayetaka kupandishwa cheo, ushahidi wa kile ambacho wanafunzi wake walijifunza na wa idadi ya walioacha fani baada ya kozi yake. Bila hatua hiyo, wanafunzi wenye uwezo wataendelea kuiacha sayansi kwa sababu zilezile walizozieleza wenzao mwaka 1997, nao wahadhiri watakaojaribu kuwazuia watafanya hivyo kwa hasara yao.