Mbwa Kali: Maneno Mawili, Makosa Mawili

Kuna maandishi ya Kiswahili ambayo karibu kila Mkenya wa mjini ameyasoma, hata yule aliyeachana na fasihi siku ya mwisho ya KCSE: MBWA KALI. Yako getini kwenye kibati, mara nyingi na picha ya German Shepherd, hata kama ndani kuna koko mmoja tu anayelala chini ya gari. Mimi huyasoma kama fasihi fupi. Na yana kasoro mbili.

Ya kwanza ni ya sarufi. Mbwa ana uhai, kwa hivyo ni mbwa mkali. Kali ni pilipili, dawa, pombe. Sawa, mtaani tunasema hivyo na tunaelewana. Lakini kibao hicho kinamweka mbwa kundi moja na seng'enge na vipande vya chupa juu ya ukuta: kifaa cha ulinzi.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Kibao kinasema ukali ndio tabia yake, basi. Mbwa niliyemchukua kutoka makao ya wanyama alikaa siku tatu nyuma ya kochi, hagusi chakula mtu akimtazama. Jirani akamwinamia, akangurumiwa, akatoa hukumu: "Hii mbwa ni kali, chunga." Alisikia mngurumo. Hakuona yaliyoutangulia: uso kugeuzwa pembeni, pua kulambwa, miayo bila usingizi, mwili kukakamaa. Turid Rugaas, mkufunzi wa mbwa kutoka Norway, ameandika kitabu kizima kuhusu ishara kama hizo. Nyingi ni ombi: nipe nafasi.

Mngurumo huja ombi likipuuzwa. Ukimchapa mbwa kwa kunguruma, woga unabaki palepale. Umefuta onyo tu, na siku nyingine anaweza kuuma bila kutoa sauti. Hata mkia unahitaji msomaji makini. Ukisimama wima na kutikisika kwa kasi huku mwili ni mgumu, hiyo si furaha.

Haya si mambo ya wapenda mbwa wa Karen peke yao. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030. Chanjo ni lazima, lakini pia tuwafundishe watoto kusimama tuli, mikono chini, bila kumkodolea mbwa macho. Kibao kinawafundisha kuogopa tu.

Wahenga walisoma vizuri kutushinda: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Sarufi iko sawa, na ukali unaanzia kwa mwenye mbwa. Anayefungiwa kibandani mchana kutwa na kuachiliwa usiku pekee, atajifunzia wapi kwamba mgeni si adui?

Kibati chako kikishika kutu, kabla hujanunua kingine, keti nje dakika kumi umtazame mbwa mwenyewe.