Ufundi wa Boksi Linalodanganya Macho

Mwaka 1891 Augustin Charpentier, daktari wa mjini Nancy, Ufaransa, alieleza jaribio alilolifanya kwa matufe mawili. Kila moja lilikuwa na uzito wa gramu 266. La kwanza lilikuwa na kipenyo cha milimita 40, la pili milimita 100. Aliyeyanyanyua alihisi lile dogo ni zito kuliko kubwa. Hali ni hiyohiyo hadi leo: mwonyeshe mtu mizani, akubali kwa kinywa chake kwamba vitu viwili vinalingana, kisha mwambie avinyanyue tena. Kile kidogo bado kitamwelemea.

Kisa hiki husimuliwa kama ajabu ya ubongo, na ni ajabu kweli. Lakini mimi huwafikiria zaidi waliovitengeneza vile vitu vya kunyanyuliwa. Kazi yao huandikwa kwa mistari michache katika ripoti za kisayansi, ilhali jaribio zima limesimama juu yake. Wanatakiwa kuunda kitu kinachodanganya jicho na kisichodanganya kiungo kingine chochote. Boksi kubwa liachwe na uwazi ndani, dogo lishindiliwe. Uzito ukiegemea upande mmoja, boksi litajipinda mkononi na siri itatoka. Chembe za risasi zikicheza ndani, sikio litajua kabla ya mkono. Sehemu ya kushikia iwe ya namna moja, isiwe hapa laini na pale inakwaruza. Halafu kuna vidole vyenyewe: anayeshika boksi kubwa hupanua kiganja na anayeshika dogo hukibana, kwa hiyo tofauti anayoihisi huenda imetoka kwenye mshiko wala si kwenye macho.

Mwaka 1991 Andrew Gordon, Hans Forssberg, Roland Johansson na Göran Westling walilitatua hilo kwa namna inayonifurahisha kila nikiikumbuka. Maboksi yao yalibadilika ukubwa, kishikio kikabaki kilekile. Jicho liliona kubwa au dogo. Vidole viligusa kitu kimoja daima. Na nguvu za vidole zilipopimwa, ikaonekana kwamba boksi kubwa lilivutwa kwa nguvu zaidi tangu mwanzo, kabla halijaachana na meza, ingawa uzito haukuwa na tofauti.

Namna hiyo ya kupima vidole ilikuwa imekomazwa mjini Umeå, Sweden, ambako Johansson na Westling walifanya kazi miaka ya 1980. Chombo chao ni kidogo tu: vibao viwili vya kushikwa kwa gumba na kidole cha shahada, pamoja na vipimo vya umeme vinavyoonyesha vidole vinabana kwa nguvu gani na kuvuta juu kwa nguvu gani. Vibao hivyo waliweza kuvivisha msasa, ngozi laini au hariri. Kwenye hariri vidole hubana zaidi, kwenye msasa hulegea, na ziada inayobaki juu ya kile kinachotosha kuzuia kitu kisiteleze ni ndogo. Haya yote mkono huyafanya bila mwenyewe kuamua.

Hapo ndipo ufundi wa mtengenezaji unapoufichua ufundi wa mkono. Mkono haungoji kuhisi uzito ndipo uanze kuvuta. Hubashiri kwa kile ulichokiona na unachokikumbuka, ukaachilia nguvu inayokifaa kitu hicho, kisha ukasubiri habari kutoka kwenye ngozi ya vidole kwamba kimenyanyuka. Habari ikiwahi, kitu ni chepesi kuliko ilivyotarajiwa, na mkono hupunguza nguvu. Ikichelewa, mkono huongeza kidogokidogo hadi kitu kiinuke. Marekebisho hayo huanza ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukitaka kuuona ubashiri huo bila maabara, nyanyua dumu la lita 20 ulilodhani limejaa maji kumbe ni tupu. Linaruka juu kabla hujajua kwa nini.

Kwa muda mrefu ilionekana kwamba jibu la matufe ya Charpentier liko hapohapo. Tunakivuta kitu kikubwa kwa nguvu nyingi, kinapanda kwa urahisi, tunakiona chepesi. Kidogo kinagoma, tunakiona kizito. Ni maelezo mazuri, na mwaka 2000 Randall Flanagan na Michael Beltzner wakayaangusha kwa subira tu. Waliwaacha watu wanyanyue boksi kubwa na dogo, zamu kwa zamu, mara 20 kila moja. Baada ya kunyanyua mara chache vidole vilikwisha jua ukweli, vikatumia nguvu sawa kwa yote mawili. Hisia ya uzito haikubadilika hata kidogo. Mkono ulikwisha sahihisha hesabu yake, mwenye mkono akaendelea kusema dogo ni zito.

Jaribio ninaloliheshimu kuliko yote, hata hivyo, ni la Gavin Buckingham na Melvyn Goodale, wa chuo kikuu cha Western Ontario nchini Kanada, mwaka 2010. Washiriki walionyeshwa mchemraba mkubwa au mdogo, kisha wakazibwa macho wakaambiwa wanyanyue. Walichonyanyua hakikuwa walichokiona. Kila mara kilikuwa mchemraba mmoja, wa ukubwa wa kati, uleule. Na bado waliona ni mzito zaidi walipokuwa wametangulia kuona ule mdogo. Sijui njia safi zaidi ya kuonyesha sehemu ya jicho katika jambo hili. Mafundi waliotangulia walihangaika kuvifanya vitu viwili vilingane kwa kila hali. Hawa waliondoa tatizo lote kwa kutumia kitu kimoja.

Isidhaniwe kwamba jicho ndilo mlango pekee. R. R. Ellis na Susan Lederman walionyesha mwaka 1993 kwamba mtu aliyefunikwa macho, akikipapasa kitu chote, hupotoka vilevile. Miaka mitano baadaye walichukua mipira ya gofu ya mazoezi, ambayo kwa kawaida ni myepesi, wakaifanya iwe na uzito wa mipira halisi. Wasiocheza gofu hawakuhisi tofauti. Wachezaji wazoefu walisema ile ya mazoezi ni mizito zaidi. Ujuzi wao wa miaka mingi ndio uliowapotosha.

Kama ujuzi unaweza kuuleta upotofu, huenda unaweza pia kuugeuza. Mwaka 2008 Flanagan, Jennifer Bittner na Johansson waliunda vitu vilivyopinduliwa: kidogo ndicho kizito, kikubwa ndicho chepesi, tofauti kabisa na vitu tulivyovizoea tangu utotoni. Watu wakavinyanyua mamia ya mara, siku baada ya siku. Vidole, kama kawaida, vilizoea upesi. Hisia ilijivuta, ikaanza kufifia, kisha ikageuka: walioendelea muda mrefu zaidi walipopewa vitu vyenye uzito sawa, kikubwa ndicho kilichowaelemea.