Upumuaji au Uchachushaji? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Biolojia
Istilahi "upumuaji usio na oksijeni" ina kasoro mbili. Kwanza, kitenzi kupumua kimefungamana na pua na mapafu, ilhali mchakato unaohusika hufanyika ndani ya seli. Hiyo ni kasoro ndogo. Ya pili ni nzito: istilahi hiyo huchanganya michakato miwili. Baadhi ya bakteria hakika hupumua kwa kutumia naitreti badala ya oksijeni. Hamira inayogeuza sukari ya mnazi kuwa kileo haipumui, bali huchachusha. (Mgema hutofautisha tembo tamu na tembo kali bila maabara.) Katika hamira, kama katika misuli ya binadamu, glukosi huvunjwa kwanza kuwa piruvati, na seli hubakiwa na molekuli 2 tu za ATP. Palipo na oksijeni, piruvati huvunjwa hadi kabonidayoksaidi na maji, na jumla hufikia takriban 30. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba misuli ya mkimbiaji wa mbio fupi "inapumua bila oksijeni" hujifunza njia mbili zilizotengana tangu mwanzo. Haoni kwamba asidi ya laktiki ni piruvati ileile iliyopokea hidrojeni, ili hatua ya kwanza isikwame. Neno uchachushaji lingemwelekeza huko, na Kiswahili tayari kinalo.