Kuzama na Kuzamia: Maandishi ya Utalii wa Matumbawe Yasomwapo Mahagi

Mwanafunzi wetu mmoja, mzaliwa wa ufukwe wa Ziwa Albert, alileta darasani hapa Mahagi kijitabu cha matangazo alichopewa na msafiri aliyepitia Uganda. Kilihusu likizo za kuzamia katika visiwa vya matumbawe vya Tanzania. Sehemu kubwa ilikuwa kwa Kiingereza, na kurasa mbili za mwisho kwa Kiswahili. Aliuliza: “Mwalimu, kwa nini mtu alipe fedha ili azame?” Darasa likacheka. Kwa watu wa Mahagi-Port, azamaye ni yule ambaye mtumbwi wake umepinduliwa na dhoruba, na habari zake hufika nyumbani kwa kilio.

Makala haya yamezaliwa na swali hilo, ambalo kwanza ni la kisarufi. Kuzama humpata mtu. Kuzamia ni kauli ya kutendea, na ndani yake mna kusudi: mtu hushuka kufuata kitu, kama wazamiao lulu. Irabu moja inatenganisha msiba na kazi. Lakini Kiswahili cha mitaa ya bandarini hakikuishia hapo. Huko mzamiaji ni kijana ajifichaye ndani ya meli ili afike ng’ambo bila hati. Hivyo neno lile lile linamtaja mgeni aliyevuka bahari kwa tikiti ili aone samaki, na mwenyeji avukaye kwa siri ili aone kazi. Mfasiri wa kijitabu kile hakuusikia mwangwi huo. Msomaji wa Dar es Salaam hawezi kuukosa.

Sitaki kuidharau kazi ya mfasiri. Aya moja katika kurasa zake ni nzuri kweli, nayo ni ile ya tahadhari. Inaeleza kwamba kila mita 10 za maji ya bahari huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu yetu. Kwamba mzamiaji avutaye hewa ya mtungi asizuie pumzi anapopanda, na apande polepole, ili naitrojeni iliyoyeyuka mwilini isigeuke mapovu katika damu. Hapo vitenzi vinafanya kazi, na sentensi ni fupi kwa sababu uhai wa mtu unazitegemea. Kwingineko ni vivumishi vitupu: kisiwa ni “safi”, bahari ni “kimya”, mchanga “haujakanyagwa”.

Kimya hicho kina nasaba. Jacques Cousteau na Émile Gagnan ndio waliounda, huko Ufaransa mwaka 1943, chombo cha kupumulia kilichoufungua mchezo huu kwa watu wengi. Kitabu cha Cousteau cha mwaka 1953, na filamu yake iliyotuzwa Cannes mwaka 1956, viliipa bahari jina la dunia ya kimya. Tangu hapo matangazo hurudia. Kumbe mwamba hai haunyamazi: kamba wadogo hutatarika mchana na usiku kama mafuta kikaangoni. Kilichonyamazishwa ni kitu kingine. Katika kurasa zote za kijitabu kile hamna mvuvi hata mmoja anayesema, wala jina la mwamba lililotolewa na wenyeji.

Neno la kuvunja madai ya mchanga usiokanyagwa lipo tayari: dago. Ni kambi ya wavuvi waendao mbali na kwao kwa kufuata samaki na majira. Wavuvi wa Kojani, Pemba, ni mashuhuri kwa safari hizo. Kisiwa kisicho na nyumba hakikosi wenyewe. Kukiita kitupu ni kukosea kukisoma, na kosa la usomaji huweza kuishia katika haki ya kutua pwani.

Tena matumbawe hayakuwa pambo kwa Waswahili. Walijenga kwayo, wakachoma chokaa yake. Aina moja laini ilikatwa ikiwa mbichi kutoka majini, ikachongwa kabla haijakauka na kuwa ngumu, ikawa miimo ya milango na mihirabu. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, yamechongwa katika jiwe la namna hiyo. Matumbawe yalikuwa ukurasa kabla ya kuwa mandhari. Leo wageni hupelekwa Kizimkazi kutazama pomboo, na wengi hupita bila kuujua msikiti.

Kijitabu hakitaji pia kwamba mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi yalipauka na mengi yakafa, Mafia ikiwemo, miaka mitatu tu baada ya hifadhi ya bahari kuanzishwa huko. Tangazo halipendi tarehe. Hutaka uzuri wa milele.

Yako maandishi ya namna nyingine. Kisiwani Chumbe, ambako mwamba ulihifadhiwa rasmi mwaka 1994, watalii hawaruhusiwi kuzamia kwa mitungi; huelea juu kwa miwani, wakiongozwa na walinzi ambao baadhi yao walikuwa wavuvi. Wanafunzi wa Zanzibar nao hupelekwa huko kuutazama mwamba. Hapo Kiswahili kinalazimika kueleza, kwa kuwa anayesikiliza ni mtoto atakayeuliza.

Kwetu sisi tufundishao mbali na pwani, jambo hili si dogo. Tunaposoma Kimbunga (1994) cha Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu aliyepata kuwa mvuvi na baharia, wanafunzi huruka msamiati wa bahari wakidhani ni urembo wa mwambao. Kamusi ya Padri Sacleux (1939), iliyosheheni maneno ya mabaharia, hufunguliwa kwa nadra. Bahari wanayoijua ni ya matangazo, na mimi mwenyewe kwa miaka nilifundisha neno “tumbawe” kwa kusema “jiwe la baharini” na kupita. Tumbawe ni kiumbe hai.

Yule mwanafunzi alirudi baada ya juma moja. Alisema baba yake mdogo, wavu unapokwama katika kisiki chini ya ziwa, hujifunga kamba kiunoni, hushika pumzi na kushuka kuunasua. Hana mtungi wala miwani. “Huyo hazami, Mwalimu,” akasema, “huyo anazamia.” Tukaliandika ubaoni, na chini yake neno la Dhu Alur alilotupa yeye.