Sinema juu ya Munganga wa Panzi

Mafratri wametuuliza mara nyingi twafikiri nini juu ya sinema «L'Homme qui répare les femmes», aliyoitengeneza Thierry Michel, Mubelgiji, mwaka 2015, pamoja na mwandishi Colette Braeckman. Tumeitazama tena hapa Cimpunda, pamoja na makatekista na wamama wachache. Twajibu bila kuficha: ni sinema njema, yafaa watu wazima waione, lakini ina kilema kimoja, na kilema hicho ni chetu pia.

Wema wake ni kwamba haitufundishi kumuona munganga Denis Mukwege kama malaika aliyeshuka peke yake. Alirudi Bukavu mwezi wa kwanza 2013, baada ya watu kutaka kumuua nyumbani kwake mwezi wa kumi 2012. Wamama wa Idjwi walikuwa wameuza mananasi na vitunguu ili wamulipie ndege. Hospitali yake ni ya ndugu zetu Waprotestanti wa CEPAC, ilianza mwaka 1999 kwa msaada wa Wakristu wa Swedeni, ikasifiwa Strasbourg, lakini sheria zake zatoka Kinshasa. Mwisho wa mwaka 2014 watu wa kodi walifunga hata makonti yake kwa muda. Kazi moja ya mapendo, mabwana wangapi!

Sinema yenyewe ikapatwa na mambo yaleyale. Mwezi wa tisa 2015 Leta iliikataza katika Kongo, kumbe Ulaya watu waliitazama wazi. Ministri Lambert Mende alisema yachafua jeshi, na tafsiri ya maneno ya wamama si sawa. Mwezi uliofuata ruhusa ikatolewa. Kwetu sisi, dawa ya tafsiri mbaya ni kusahihisha mustari, si kufunga mulango. Hata hivyo tafsiri si jambo la bure. Wamama wetu hawakuangalia Kifaransa cha chini, walisikiliza sauti. Fratri mumoja, aliyenyonya Kiswahili na maziwa ya mama yake, alikuwa akisoma Kifaransa! Mama wa sinema aliponyamaza kidogo kabla ya kutaja jambo, maandiko yalikuwa yamekwisha kupita.

Sasa kilema. Mama anayekubali kusema mbele ya kamera, anakubali asikiwe na nani? Labda na wageni wa mbali. Lakini siku hizi sinema yaingia katika simu, na simu yapanda mpaka kwetu, jirani anamutambua. Makatazo ya Leta hayakumulinda, wala ruhusa yake. Na tangu M23 kuingia Bukavu mwezi wa pili 2025, kujulikana si jambo dogo. Ulaya ina sheria ya kulinda habari za mutu, inayotumika tangu tarehe 25 mwezi wa tano 2018. Kongo nayo iliandika yake katika sheria za dijitali za tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Paroko gani ameisoma? Sisi tuliisoma kwa kuchelewa.

Maana sisi mapadri twatuma picha. Twaandikia wafadhili na kutia sura ya mujane au ya yatima wa vita, kwa kuwa barua isiyo na picha haileti feza.

Sinema ilipokwisha, mama mumoja hakuuliza juu ya jeshi wala juu ya ministri. Aliuliza: «Huyu aliyelia, kwao wamemuona?» Hatukuwa na jibu. Juma lililofuata tuliandika barua Ulaya, tukaomba picha tatu tulizotuma ziondolewe. Mbili zimeondolewa.